Mcheza kwao hutunzwa, na askari je?

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji uliyekosa kipindi ukakutana nami hapa gazetini, leo nina deni la kulipa. Aliyenidai ni mzee mmoja ambaye sitamtaja jina, na tulikutana ndani ya daladala.

Ilikuwa asubuhi ya tarehe 25 Julai, miaka kadhaa iliyopita. Nilipanda gari la Gongo la Mboto, kinasa sauti kikiwa begani, nimetumwa Mnazi Mmoja kurekodi maadhimisho ya Siku ya Mashujaa. Gari lilikuwa limejaa kama kawaida yake. Tulipofika karibu na Uwanja wa Ndege akapanda mzee aliyevaa koti jeusi, ingawa jua lilikwisha kuwaka. Kichwani alikuwa na bereti iliyopauka, na kifuani nishani tatu zilizopangwa sawasawa. Kijana mmoja akampisha kiti. Konda akaja, akachezesha sarafu mkononi, akasema: "Mzee, nauli."

Mzee akatoa leso mfukoni, akafungua fundo, akahesabu fedha yake taratibu. Konda akamtazama kifuani, akatabasamu. "Mzee wangu, makombe yote hayo umechukua na timu gani? Simba au Yanga?"

Gari zima likacheka. Na mimi nilicheka.

Maadhimisho yalipokwisha nilimwona mzee yule amesimama peke yake chini ya mti. Nikamwendea, nikamwamkia shikamoo, nikamwomba radhi kwa niaba ya yule konda. Akaniangalia kwa muda, kisha akasema: "Yule kijana hana kosa. Nauli ni haki yake, na vitu hivi hajui ni nini. Ninyi watu wa redio ndio mnaojua. Mbona hukumwambia?"

Sikuwa na jibu. Stashahada yangu ya uandishi wa habari haikunifundisha jibu la swali hilo. Basi leo, ingawa nimechelewa, namwambia konda yule, popote alipo. Na kama kuna wengine waliocheka pamoja nasi siku ile, nao wasikilize.

Moja ya nishani zile, mdogo wangu, ni ya Vita vya Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka na kuiteka sehemu ya ardhi yetu iliyo kaskazini ya Mto Kagera, eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,800. Amin akatangaza kwamba eneo hilo sasa ni la kwake. Daraja la Kyaka likabomolewa. Watu waliuawa, wengine walichukuliwa mateka, ng'ombe wakaswagwa kupelekwa ng'ambo, na kiwanda cha sukari cha Kagera kikaporwa. Mwanzoni mwa Novemba Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa, akawaambia wananchi kwamba sababu, nia na uwezo wa kumpiga Amin vyote tunavyo. Wazee wetu wengi maneno hayo wanayakumbuka mpaka leo, maana waliyasikia kwa redio, wamekaa kimya kuizunguka.

Lakini vita haipigwi na hotuba. Jeshi letu wakati huo lilikuwa na askari wasiofika 40,000. Katika miezi michache likakua hadi zaidi ya laki moja. Hao walioongezeka walitoka wapi? Walitoka Jeshi la Kujenga Taifa, walitoka Polisi na Magereza, na kwa maelfu walitoka mgambo, yaani wakulima, makarani, makuli wa bandarini na vijana wa vijijini waliofundishwa kushika silaha. Magari ya watu binafsi na ya mashirika yalichukuliwa kusaidia vita, na wananchi wakachanga ng'ombe na chakula.

Mzee wangu wa daladala alikuwa mmoja wa hao mgambo. Aliniambia jambo ambalo sikulitegemea: "Watu hudhani tulikwenda Kampala kwa magari. Tulikwenda kwa miguu." Na ndivyo ilivyokuwa kwa sehemu kubwa ya jeshi lile. Walivuka Mutukula mwezi Januari 1979, wakaichukua Masaka mwezi Februari, wakapigana Lukaya mwezi Machi katikati ya kinamasi, wakikabiliana pia na askari wa Libya waliotumwa kumsaidia Amin. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Kutoka mpakani hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200. Mtu huyo alizitembea akiwa na bunduki begani, na mvua za masika juu yake. Baada ya hapo akarudi kwenye jembe lake.

Mamia ya wenzake hawakurudi. Wengi wao wamelala Kaboya, mkoani Kagera, katika makaburi yaliyopangwa kwa mistari kama gwaride. Pale Kyaka yapo magofu ya kanisa lililopigwa wakati wa vita, nayo yameachwa yasimame kama yalivyo. Anayepita barabara ile akashuka garini kwa dakika 5 tu atajifunza kuliko katika maneno yangu yote ya leo.

Sasa tujiulize: kwa nini konda hakujua? Na kwa nini mimi niliyejua nilicheka?

Sababu ya kwanza ni wakati wenyewe waliorudi. Askari wetu walirudi katika nchi iliyoishiwa. Mwalimu aliwataka wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, lakini dhiki ikapita miezi hiyo ikawa miaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu walipanga foleni ya sukari, sabuni na unga. Mtu anayetafuta kipande cha sabuni hana nafasi ya kumwuliza jirani yake habari za Lukaya. Mashujaa wakaingia foleni kama wengine, na nishani zikaingia sandukuni.

Sababu ya pili inaihusu rika yangu. Zamani kijana aliyemaliza kidato cha sita au chuo alikwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria. Alilala hangani, alikimbia mchakamchaka alfajiri, alipika na kufua pamoja na watoto wa mikoa mingine. Akirudi uraiani alikuwa na alama ya jeshi mwilini mwake, na akimwona askari anamwona mtu anayemfahamu. Mpango huo ulisitishwa mwaka 1994, ukarudishwa mwaka 2013. Sisi tuliomaliza shule katikati ya miaka hiyo tulipita bila kuonja. Kwetu sisi mwanajeshi amekuwa mjeda, mtu wa nyuma ya ukuta wa kambi, tunayempisha njia na kumwogopa kidogo. Mtu usiyemjua ni vigumu kumshukuru.

Sababu ya tatu ni ya zamani zaidi, nayo imesimama katikati ya jiji la Dar es Salaam kila mtu akiiona. Nasema ile sanamu ya Askari pale Barabara ya Samora inapokutana na Azikiwe. Tunaitumia kuelekezana njia: "Ukifika kwenye sanamu, kata kushoto." Ni wangapi kati yetu wameshasimama kuuliza ni ya nani?

Mahali pale kwanza walisimamisha Wajerumani sanamu yao. Ilikuwa ya Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana na kamanda wao katika kuzima upinzani wa wenyeji wa pwani. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 wakaiondoa. Baadaye ikasimamishwa Hamburg, huko kwao, na katika miaka ya 1960 wanafunzi wa Kijerumani wenyewe wakaiangusha chini. Fundisho ni kwamba heshima ya hadharani ikitolewa pasipo haki, wajukuu wataichunguza upya.

Mwaka 1927 Waingereza wakaweka sanamu ya shaba tunayoiona leo: askari Mwafrika ameshika bunduki yenye singe, ameielekeza bandarini. Iliwekwa kwa ajili ya Waafrika waliopigana upande wa Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, hasa wale wa Keya, na kwa ajili ya wapagazi. Maandishi ya pale yanawataja wapagazi, lakini aliyepewa sura ni askari mwenye bunduki. Nairobi walifanya tofauti kidogo, kwani katika kundi la sanamu za kule mpagazi naye yumo.

Na wapagazi hao, ndugu msikilizaji, ndio walioangamia kwa wingi. Wanahistoria wanakadiria kwamba waliokufa upande wa Waingereza pekee walikaribia laki moja, wengi wao kwa kuhara, malaria, njaa na uchovu, si kwa risasi. Kambi yao hapa Dar es Salaam ndiyo iliyoacha jina la Kariakoo. Kila siku konda anapaza sauti, "Kariakoo, Kariakoo!", anawaita wapagazi wa vita ile pasipo kujua. Mishahara ya maelfu ya marehemu hao haikuwafikia warithi wao. Walipewa sanamu isiyo na jina hata moja la mtu wao, wala fedha hawakupata.

Ndiyo maana nasema kwamba kuna shukrani ya hadharani na kuna shukrani ya kweli, na mara nyingine hizo mbili hazikutani.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Methali hii tunaitumia sana, lakini tuliangalie neno lenyewe. Kutunza katika ngoma au taarabu ni kitendo cha hadharani. Umeguswa na mwimbaji, unainuka kitini, unapita mbele ya watu ukicheza, unampachika noti. Kila mtu ameona nani ametunza na nani ametunzwa. Lakini neno hilo hilo lina maana ya pili. Kutunza ni kulea, kuhifadhi, kuangalia kitu kisiharibike. Unatunza mtoto, unatunza mgonjwa, unatunza shamba. Maana ya kwanza inataka dakika 5 na watazamaji. Ya pili inataka miaka, na aghalabu haina mtazamaji hata mmoja.

Askari anastahili zote mbili. Tukimpa ya kwanza tukamnyima ya pili, tumefanya kama wale waliojenga sanamu wakakalia mishahara. Tukimpa ya pili bila ya kwanza, tumemfanya aliyelinda nchi afanane na mtu anayepewa msaada.

Hebu tuanze na hiyo ya hadharani, maana ndiyo aliyonidai mzee wangu. Kila tarehe 25 Julai taifa letu lina namna yake ya kushukuru, na ni namna nzuri kuliko wengi wetu tunavyofahamu, kwa kuwa si siku ya mapumziko na watu wako kazini. Gwaride linapangwa mbele ya mnara. Tarumbeta inapigwa ile sauti ya kumaliza siku, na watu wote wanasimama kimya. Kisha inapigwa sauti ya kuamsha, kana kwamba waliolala wanaambiwa kumekucha. Halafu zinawekwa silaha za asili. Rais au mwakilishi wake huweka mkuki na ngao. Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi huweka sime. Kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua. Meya huweka upinde na mshale, na mwakilishi wa askari wastaafu huweka shoka. Viongozi wa dini mbalimbali wanaomba dua na sala.

Nimeyarekodi maadhimisho hayo mara nyingi, na jambo moja hunigusa kila mara. Zile ni silaha za babu zetu, zile zile walizoshika kabla hatujawa na jeshi la kulipwa mshahara. Ni kama kusema kwamba aliyekufa Kagera, aliyekufa Msumbiji katika miaka ya 1980 na kukumbukwa Naliendele kule Mtwara, na aliyekufa zamani kwa mkuki mkononi, wote ni wa ukoo mmoja.

Lakini siku moja kwa mwaka haitoshi, na wanaoheshimiwa siku hiyo hasa ni waliokwisha kufa. Aliye hai, aliyepanda daladala, tunamwambiaje?

Wamarekani wana desturi yao. Raia akimwona mwanajeshi uwanja wa ndege au dukani humwendea, ingawa hamjui, akamshukuru kwa utumishi wake kisha akaendelea na safari. Desturi hiyo ina chanzo chake. Askari wao wengi waliorudi kutoka Vietnam hawakupokelewa vizuri, kwa sababu vita yenyewe ilikuwa imewagawa wananchi. Baadaye watu wakaona haya, wakajifunza kutenganisha vita na aliyetumwa kuipigana. Hilo ni fundisho kubwa. Lakini huko huko wapo askari wastaafu wanaosema kwamba neno hilo limekuwa jepesi mno. Tangu mwaka 1973 Marekani haiwalazimishi vijana kuingia jeshini, kwa hiyo wanaokwenda vitani ni familia chache, na wengine wote kazi yao imebaki kusema asante. Askari mwingine anaisikia asante hiyo kama mtu anayeaga ili asiulize zaidi.

Sisi hatuna haja ya kuazima maneno ya wenzetu. Kiswahili kina neno lake, na watu wetu wanalitumia kila siku. Ukimkuta mtu anafanya kazi nzito humwambii kwanza asante, unamwambia "pole na kazi." Mgeni wa mataifa mengine hushangaa. Kwani amefiwa? Hapana. Unamwambia kwamba umeuona mzigo alioubeba, na kwamba unajua ni mzito. Askari aliyetoka lindo, au aliyerudi kutoka Kongo na begi lake, neno lake ni hilo: "Pole na kazi, afande. Karibu nyumbani." Na kwa mzee mwenye nishani, anza kwa shikamoo, halafu mwulize: "Mzee, hii uliipata wapi?" Mwulize alipita wapi na wenzake walikuwa kina nani. Usimwulize aliua wangapi. Hilo si swali la kumwuliza binadamu mwenzako ndani ya gari.

Nimetaja Kongo kwa makusudi. Watu wengi mjini hudhani habari za mashujaa ni za mwaka 1979, zimekwisha. Hazijakwisha. Tarehe 13 Julai 2013 askari wetu 7 waliuawa Darfur, nchini Sudan, wakiwa katika ulinzi wa amani. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Semuliki, katika Kivu ya Kaskazini huko Kongo, ilivamiwa na waasi. Askari wetu 15 waliuawa na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Umoja wa Mataifa ulilitaja kuwa ni shambulio baya kabisa kwa walinzi wake wa amani katika miaka ya karibuni. Wengi wao walikuwa vijana. Wake zao wapo miongoni mwetu, na watoto wao wanasoma na watoto wetu.

Nakumbuka siku zile za Desemba. Majeneza yalikuja yamefunikwa bendera, taifa likaaga, vyombo vya habari vikatangaza. Hapo tulifanya vyema. Si kila mahali inakuwa hivyo. Majirani zetu wa Kenya walishambuliwa katika kambi yao ya El Adde, Somalia, tarehe 15 Januari 2016, na Serikali haikutoa hadharani hesabu kamili ya waliouawa. Serikali huwa na sababu zake wakati wa vita, na adui naye anasikiliza redio. Lakini baada ya moshi kutulia, mama wa askari ana haki ya kusikia jina la mwanawe likitajwa mbele za watu. Huwezi kumshukuru mtu ambaye hutaki kusema kwamba alikufa.

Kutaja jina, basi, ndilo daraja kati ya maana mbili za kutunza. Ukishajua jina utajua na nyumba. Ukishaijua nyumba utauliza: mjane anaishije? Kiinua mgongo kilifika? Mtoto analipiwa ada na nani? Mzee mwenye mguu wa bandia anafikaje hospitali? Haya si mambo ya kuwaachia wizara na makao makuu peke yao. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kujua ni wazee wangapi katika mtaa wake walikwenda Kagera, maana wanazidi kupungua. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1979 sasa amepita miaka 65. Mwalimu wa historia anaweza kumwalika mmoja wao darasani kwa nusu saa kabla hatujabaki na vitabu tu. Msikiti na kanisa vinaweza kumtaja katika dua na sala. Na sisi wa redio tunaweza kuacha kumtafuta mara moja kwa mwaka, tarehe 25 Julai saa 4 asubuhi.

Hapa najua yupo msikilizaji anayenung'unika. Anasema: mtangazaji, mimi sitamshukuru askari, kwa kuwa nimewahi kupigwa makofi na mtu mwenye sare kwa kosa nisilolijua. Ninakusikia, ndugu yangu, na sikutaki unyamaze. Shukrani niliyoizungumza leo si ya woga. Anayeshangilia kwa kuogopa hajashukuru, amejiokoa tu. Jeshi letu lenyewe limezaliwa kutokana na fundisho hilo. Mwezi Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi tulilorithi kwa wakoloni, waliasi kambini Colito, pale panapoitwa Lugalo leo, na nchi ikatikisika. Jeshi lile likavunjwa. Tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa jipya, nalo likapewa jina ambalo tumelizoea hata hatulisikii tena: Jeshi la Wananchi. Kwa hiyo askari anayempiga mwananchi bila sababu amelipiga jina la jeshi lake mwenyewe, na kulisema hilo hadharani ni sehemu ya heshima tunayowapa wenzake wanaolistahili. Mwenye kushukuru kweli ndiye mwenye haki ya kulalamika, na mwenye kulalamika kwa haki hapotezi wajibu wa kushukuru.

Kadhalika kuna heshima ya sare yenyewe. Mwaka 2023 jeshi liliwapa raia muda wa kusalimisha mavazi ya kijeshi au yanayofanana nayo, na vijana wengi walikasirika kupoteza kaptura zao za madoadoa. Sheria ina sababu zake za usalama. Lakini mimi nilimfikiria mzee wangu. Nguo ile ambayo kijana ameinunua mtumbani kwa kuwa inapendeza, mwingine aliivaa siku nyingi bila kuivua, katika kinamasi, akizika marafiki.

Siku ile pale Mnazi Mmoja, kabla hatujaagana, nilimwuliza mzee swali ambalo sisi waandishi tunalipenda mno: angependa taifa limfanyie nini? Nilikuwa tayari nimewasha kinasa sauti. Nilidhani atataja pensheni, au nyumba, au nauli. Alifikiri kidogo, akasema angependa watu wajue majina ya vijana watatu wa kijiji chake aliokwenda nao na akarudi bila wao. Akayataja polepole, moja baada ya jingine, na ya baba zao, kama anavyotaja mtu aliye mahakamani. Kisha akaniuliza kama nimeyaandika.

Nilikuwa nimeyarekodi. Lakini jioni ile habari ilikuwa ndefu, viongozi walikuwa wengi, na mhariri alitaka dakika mbili tu. Majina yale matatu yakakatwa, na mkanda nao, kama ilivyo desturi ya studio, ukarekodiwa kitu kingine juu yake. Aliyekata ni mimi.

Hilo ndilo deni langu, ndugu msikilizaji, kubwa kuliko kile kicheko cha ndani ya gari. Silipi lote leo, maana majina sinayo tena. Ninachoweza ni kukuomba wewe. Ikiwa katika mtaa wako yupo mzee wa namna hiyo, nenda kamwamkie wiki hii. Chukua daftari. Mwulize majina ya wenzake, uyaandike, na uyasome kwa sauti ili ahakikishe umeyaandika sawasawa.

Na wewe konda, mdogo wangu, nauli ni haki yako, ichukue. Ila siku nyingine ukiona nishani kifuani kwa mzee, mwambie: "Pole na kazi, mzee." Abiria watasikia. Nina hakika hakuna atakayecheka.

Hadi wiki ijayo, kwa herini.